Barua ya wazi: Uandikeni mpingo kwenye fomu ya hakimiliki

Kwenu Msimamizi wa Hakimiliki na wenzako wote wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwenu viongozi wa wizara yenye dhamana ya sanaa. Kwenu mnaosimamia Mfuko wa Misitu Tanzania. Na kwenu wakuu wa kampuni za simu mnaouza nyimbo zetu kama miito ya simu.

Salamu kwa heshima.

Mimi ni mpiga klarineti. Nilijifunza nikiwa mtoto katika bendi ya matarumbeta ya kanisani, tukazunguka nayo kwenye harusi, kipaimara na misiba, na leo nina miaka hamsini na mbili bado napuliza. Klarineti yangu niliinunua ya mtumba kwa mzee aliyekuwa anaacha muziki. Nilimlipa kidogo kidogo kwa miaka miwili. Imetengenezwa Ufaransa, na mbao yake ni mpingo.

Kwa muda mrefu jambo hilo nililijua jinsi mtu anavyojua kwamba chumvi inatoka baharini. Unajua, maisha yanaendelea. Mpaka siku niliyoshuka kwenye basi pale Nangurukuru, nikapanda bodaboda kuingia ndani, wilayani Kilwa, kumsalimia mjomba wa mke wangu. Kesho yake akanipeleka msituni nikauone mpingo kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa natafuta mti mkubwa kama mvule. Mpingo hauko hivyo. Ni mti mfupi, umepindapinda, una miiba, mashina yake yanatoka mawili matatu kwenye shina moja, gome lake la kijivu. Ukipita unazungumza hutauona. Mjomba aliweka mkono kwenye mmoja, mnene kama paja langu, akasema alipokuwa kijana anafukuza ndege shambani aliukuta unakaribia unene huohuo. Yeye sasa ana miaka sabini na kitu. Mbele kidogo akanionyesha kisiki kilichokatwa. Pembeni ukanda mwembamba mweupe, ndani weusi wenye zambarau, mgumu kama jiwe. Niliugusa nikajua ule ubaridi. Ni ubaridi wa klarineti asubuhi kabla haijapata pumzi.

Nilikuwa nayo mgongoni. Nikaiunganisha palepale, nikampulizia mjomba wimbo wetu mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike barua hii. Aliuliza nyimbo hizi zikiuzwa huko kwenye simu, huku msituni kinarudi nini.

Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, naomba tukae kidogo na huu mti, maana bila kuuelewa ombi langu litaonekana la ajabu. Mpingo unahitaji miaka kati ya 70 na 100 kufikia unene wa kuvunwa. Ukishavunwa, sehemu inayofaa kutengenezea ala za muziki ni ndogo mno, moja ya kumi ya gogo au pungufu, kwa sababu kipande chenye ufa, fundo au moyo uliooza hakiwezi kutoa sauti safi. Moyo unaoza kwa sababu kubwa moja, nayo ni moto. Moto wa mwisho wa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa, unaunguza shina, jeraha linabaki wazi, na kuoza kunaanza ndani huku nje mti unaonekana mzima. Wavunaji wa Kilwa wameshuhudia magogo ya miaka themanini yakipasuliwa na kukutwa matupu kama bomba.

Dawa ya moto huo inajulikana. Ni kuchoma mapema, mara tu mvua zinapokatika, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto upite taratibu bila kuumiza miti, na kufyeka njia za kuzuia moto kwenye mipaka. Pamoja na hilo kuna doria. Mashamba ya ufuta yanasogea msituni kila mwaka kwa sababu ufuta una bei, na mkaa una soko lisiloshiba Dar es Salaam. Vijana wa Kamati ya Maliasili ya Kijiji wakitembea mpakani mara mbili kwa wiki, msitu unapona. Wasipotembea, hauponi. Wanachohitaji ni mafuta ya pikipiki, mabuti, panga, posho ya siku. Ni fedha ndogo, lakini inahitajika kila mwezi, kila mwaka, kwa miaka isiyopungua 70.

Hapo ndipo penye tatizo. Hakuna mfadhili wa miaka 70. Miradi ninayoijua huja kwa miaka mitatu, mitano ikizidi, gari linakuja, ubao unasimikwa, semina zinafanyika, halafu gari linaondoka na ubao unabaki. Siwalaumu. Ndivyo bajeti zao zilivyo. Lakini mpingo hauwezi kukua kwa mwendo wa bajeti.

Sasa nitazameni mimi. Nina kitu kimoja tu kinachoishi kama mpingo, nacho ni hakimiliki. Sheria inamlinda mtunzi maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kufa. Wimbo niliotunga nina miaka thelathini, kama Mungu akinipa kufika sabini na tano, utaendelea kuwa mali ya wanangu na wajukuu mpaka utimize miaka tisini na ushee. Miaka tisini! Ni umri uleule wa mti unaotoka kwenye mbegu mpaka kuwa klarineti. Sijui mali nyingine ya maskini yenye umri huo. Shamba linauzwa, nyumba inagombaniwa, ng'ombe wanakufa. Wimbo unabaki kwenye daftari lenu, COSOTA, na kila ukipigwa unadai chake.

Ombi langu ni hili. Ninaposajili wimbo na kuandika mtunzi fulani asilimia kadhaa, mwimbaji kadhaa, prodyuza kadhaa, mniruhusu kuandika na msitu wa kijiji. Niuandike kama mwenye hisa halali katika wimbo huo, hisa isiyoweza kufutwa nikifa wala kuuzwa na warithi. Na fungu lake litengwe hukohuko fedha zinapoingia, lisipite mfukoni mwangu.

Nitaeleza kwa nini nasisitiza lisipite mfukoni mwangu, ingawa ni jambo linaloniumiza kulisimulia.

Miaka minne iliyopita, baada ya safari ile, bendi yetu ilirekodi nyimbo sita. Tulitangaza jukwaani kwamba robo ya mapato yote ya mtandaoni na ya miito ya simu itakwenda kijijini kwa ajili ya doria na njia za moto. Watu walituunga mkono kwa moyo. Walikuwa wanatufuata baada ya onyesho, wanatuonyesha simu zao kwamba wameshaweka mwito. Mama mmoja muuza vitumbua alisema ameuweka kwenye simu yake na ya mumewe. Mimi nikampigia mjomba nikamwambia fedha ya moto itafika kabla ya mwezi wa tano.

Haikufika. Kampuni ya kati tuliyoikabidhi nyimbo ilikaa na fedha miezi kumi na moja. Zilipokuja, zilikuja kwa mkupuo, tarakimu moja kwenye ujumbe wa simu, bila kuonyesha ni wimbo upi, miito mingapi, kodi kiasi gani, wao wamechukua kiasi gani. Robo ya nini sasa? Nilikaa usiku na kalamu nikijaribu kukisia, nikashindwa. Mwishowe nilitoa mfukoni nilichoona ni haki, nikaongezea kwa kuuza spika, nikatuma. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Moto ulikuwa umeshapita wenyewe, wiki tatu nyuma, na mjomba alinieleza upande ulioungua mpaka wapi.

Na mjini tayari kulikuwa na watu wanaosema tumekula hela za miti.

Sijawahi kuumizwa na neno kama hilo. Nimeitwa mlevi kwa sababu napiga muziki, nikacheka. Hili sikuweza kucheka, kwa sababu sikuwa na karatasi ya kumwonyesha mtu. Mama wa vitumbua sijawahi kumweleza. Napita njia nyingine.

Kwa hiyo mnaposikia wasanii wanaahidi sehemu ya mauzo kwa ajili ya mazingira, na baadaye hakuna anayejua kilichotokea, msidhani kila mara ni uongo. Mara nyingi ni kwamba bomba lenyewe linavuja. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba chetu kina tundu, na aliyetoboa hajulikani.

Wenzetu nje wameshaliona hili na wameanza kuliziba. Mwaka 2015 Paul McCartney, Sheryl Crow, Sean Paul, Angélique Kidjo na wengine walitoa wimbo wa pamoja, mapato yake yakaelekezwa kwa Friends of the Earth ya Marekani na Wakfu wa Umoja wa Mataifa. Ni jambo jema, ila ni wimbo mmoja wa mastaa. Kilichonivutia zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2021 mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno na wenzake walianzisha EarthPercent, chombo kinachowawezesha watu wa muziki kutenga asilimia ndogo ya mapato yao kwa ajili ya dunia, na Siku ya Dunia ya mwaka 2022 wasanii zaidi ya mia moja waliwapa nyimbo za kuuza kupitia Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Kisha Aprili 2024 ukaja mpango wa Sounds Right, ulioratibiwa na makumbusho ya UN Live ya Copenhagen. Hawa waliyaandikisha mazingira yenyewe kuwa msanii, kwa jina NATURE, kwenye mitandao ya kusikiliza muziki. Mvua, ndege, mawimbi, vikitumika kwenye wimbo, jina linatokea pembeni ya mwimbaji, na sehemu ya malipo inakwenda kuhifadhi. Niliposoma nilisimama. Ulaya wameweza kuuandika upepo kuwa mwenzao katika wimbo, na sisi wenye mti ambao bila huo klarineti zao na zumari za mfuko (bagpipe) za Waskoti zisingekuwa na sauti hiyo, hatuna hata mstari kwenye fomu.

Tena si kweli kwamba sisi ni wageni wa jambo hili. Marehemu Sebastian Chuwa wa Moshi, aliyefariki mwaka 2014, alianza kuotesha mpingo na kuwafundisha watoto wa shule kuupanda wakati wengi walikuwa wanaona ni kupoteza muda kupanda mti ambao hutauona ukikomaa. Mwaka 1996 yeye na fundi mkereza mbao wa Texas, James Harris, walianzisha mradi wa kuhifadhi mpingo, na waliochangia ni watu wa kazi hiyohiyo, wapiga ala na mafundi wanaoijua mbao kwa vidole vyao. Kilwa nako, misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanakijiji wenyewe. Kijiji cha Nanjirinji kimejenga madarasa kwa fedha za mbao zake. Na tangu mwaka 2017 biashara ya mpingo duniani iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa mwaka 2019 ala zilizokamilika ziliondolewa kwenye masharti hayo, jambo ambalo sisi wapigaji tulilishukuru, maana ilikuwa taabu kuvuka mpaka na ala yako.

Mtu atasema, kama vijiji vinauza mbao, fedha ya nyimbo ni ya nini? Nilimuuliza mjomba swali hilo. Mnunuzi haji kila mwaka. Miaka asipokuja, doria haisimami kwa hiari. Na kijiji ambacho hakijawahi kuuza hata gogo moja kinahitaji kwanza mpango wa matumizi ya ardhi, kupima mipaka, kuhesabu miti. Huko mwanzoni ndiko vingi vinakwama.

Sasa naomba niseme na ninyi wa kampuni za simu, kwa sababu ninyi ndio mlio karibu na msikilizaji wetu kuliko yeyote. Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, ilifika Tanzania mwaka 2021, na tunaitumia, lakini tangu mwaka 2024 wimbo usiosikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili haulipwi kitu. Nyimbo zetu nyingi za bendi haziufikii mstari huo, na watu wetu wengi hawana bando la kusikiliza muziki mchana kutwa. Mwito wa simu ni tofauti. Mtu ananunua kwa fedha ileile anayonunulia vocha, bila kadi ya benki, na kila anayempigia anausikia. Tunawadai uwazi tu. Mtu anaponunua mwito wenye hisa ya msitu, ujumbe mnaomtumia umwambie wimbo ni wa nani, msitu ni wa kijiji gani na shilingi ngapi zimekwenda huko. Nchi hii mtu akituma shilingi elfu moja kwa M-Pesa, anapata ujumbe wenye jina la mpokeaji kabla hajarudisha simu mfukoni. Mitambo ya kugawa fedha na kutoa taarifa mnayo. Tulichokosa sisi ni uamuzi wenu wa kuitumia kwa ajili yetu.

Na fungu mnalobaki nalo ninyi, naomba mlitazame. Bandcamp huchukua asilimia 15 kwenye mauzo ya kidijitali, ikishuka hadi 10 kwa anayeuza zaidi, na tangu Machi 2020 ina Ijumaa maalumu ambazo huachia fungu lake lote liende kwa wasanii. Siwaombi Ijumaa nyingi. Nawaomba siku moja, tarehe 21 Machi, Siku ya Misitu Duniani, mwachie fungu lenu kwa nyimbo zenye hisa ya msitu. Fedha hiyo ikitoka Machi na kufika Aprili, itakuta mvua zinakaribia kukatika na kazi ya kuchoma mapema haijaanza. Ninyi mnaweza msijue umuhimu wa wiki hizo nne. Mimi nimeujua kwa njia mbaya.

Wa Mfuko wa Misitu, ninachoomba kwenu ni jina na akaunti. Msanii wa Tandale hawezi kuvifuatilia vijiji Kilwa, Nachingwea na Tunduru kujua kipi kina msitu uliotengwa kisheria na kipi hakina. Ninyi mnaweza kuitunza orodha hiyo na kuthibitisha akaunti. Hesabu zisomwe kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kwa kawaida hukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi, na karatasi ibandikwe ubaoni ofisini kwa mtendaji. Pale hata mtu anayesema tumekula hela za miti anaweza kwenda kusoma.

Naomba pia jambo hili lisigeuzwe kuwa tozo. Narudia hilo kwa sababu nina hofu nalo. Likiwa la lazima litachukiwa, na wanamuziki wengi hali zao ni ngumu. Mpiga besi wetu analea watoto wanne kwa kazi ya usiku. Kwa nyimbo zetu mpya yeye ameahidi asilimia tano, mimi robo, mwimbaji wetu hakuahidi kitu kwa sababu mama yake anaumwa figo, na hakuna aliyemlaumu. Kila mtu aandike anachoweza, au asiandike. Lakini hicho anachoandika kisikatwe kodi kama mapato yake, maana hajakila. Nilipotoa mfukoni mwaka ule, nilitoa fedha ambayo tayari ilikuwa imekatwa kwa jina langu.

Watakuwepo pia watakaoandika msitu kwenye wimbo mmoja ili wapigwe picha na mche mkononi. Waacheni. Daftari likiwa wazi, shilingi mia nane kwa mwaka itasomeka shilingi mia nane.

Mwezi huu tunamaliza kurekodi nyimbo nane mpya. Moja haina maneno, ni klarineti na ngoma tu, na nimeitunga kwa ajili ya ule mti ambao mjomba aliuwekea mkono. Nitakuja ofisini kwenu, COSOTA, kuisajili Jumanne baada ya Pasaka. Nitakuwa na fomu, barua ya serikali ya kijiji yenye mhuri, na muhtasari wa mkutano uliokubali kupokea hisa hiyo. Kwenye nafasi ya wamiliki nitaandika jina langu, majina ya wenzangu, na chini yake nitaandika msitu wa hifadhi wa kijiji. Kama nafasi haitoshi nitaandika pembeni. Naomba atakayekuwa dirishani siku hiyo awe ameshaambiwa.

Wenu katika kazi,
Mpiga klarineti, Mtoni, Dar es Salaam